Ukuta wa Himaya na Hatua za Bi Harusi

Nchi ya Kujihami haikuandikwa katika ramani yoyote, na hiyo ni hasara ya wachora ramani, kwa maana ilikuwa nchi ya kupendeza na watu wake walikuwa watu wa kupendeza. Upande wa mashariki ilipakana na bahari iliyoitwa Daima. Nyuma ya ufuko wake palikuwa na vilima vya mchanga mweupe vilivyoitwa Akiba. Nani alivipa jina hilo, na ni akiba ya nini, watu walikuwa wameacha kuuliza. Miji yake ilifuatana pwani kutoka kusini kwenda kaskazini. Kwanza Haiba, mji wa Sultani. Kisha Ukomo, mji wa wapika chumvi. Na mwisho Baadaye, kijiji cha watu wachache ambao hawakuwa na mjumbe barazani wala hawakujua njia ya kumpeleka.

Watu wa Kujihami walikuwa wachapakazi, wasafi, wakarimu kwa mgeni na wapole kwa mnyama. Kitu kimoja tu kiliwanyima raha, nacho ni bahari. Walikula samaki wake, walioga maji yake na walichemsha chumvi yake, lakini hawakuiamini hata kidogo. Kwa hiyo, miaka sitini kabla ya habari hii, walianza kujenga Ukuta wa Himaya chini ya vilima vya Akiba, mbele ya mji wa Haiba. Na ukuta huo, jamani, ulikuwa ukuta! Mawe yake yalichongwa yakaoana hata ukucha usingepenya katika viungo vyake. Chokaa yake ilichomwa na kutwangwa kwa nyimbo. Na uso wake, jua la asubuhi lilipoupiga, uling'aa kutoka ncha moja hadi nyingine. Mtoto alipozaliwa, baba yake alipeleka jiwe ukutani kabla ya kumpa mtoto jina, na fundi aliyelipanga jiwe hilo alichonga jina lake mwenyewe juu yake, ili kazi mbaya isikose mwenyewe. Kazi mbaya haikupatikana.

Desturi nyingine ya nchi hiyo ilikuwa ya zamani kuliko ukuta. Harusi zilifungwa siku za bamvua peke yake, na bi harusi alitoka kizingiti cha nyumba kongwe kuliko zote za mji wake, maji yakiwa yamejaa mpaka mwisho, akaenda kwa miguu hadi yamguse vidole. Vifundoni alifungwa kamba ya ukindu yenye urefu uleule aliofungwa mama yake na nyanya yake, ili hatua zake ziwe za staha, zisizozidi wala zisizopungua. Wanawake walimfuata wakizihesabu kwa sauti, na hesabu yao ikatiwa katika wimbo wake wa harusi. Baada ya hapo aliitwa kwa idadi hiyo maisha yake yote, katika furaha na katika matanga.

Haiba, kwa bahati mbaya, hapakuwa tena na pa kutembea. Tangu ukuta ujengwe, maji ya bamvua yaliupiga ukuta wenyewe, na bi harusi aliyetoka nje alikutana na mawe. Watu wa Haiba hawakuwa watu wa kushindwa na jambo dogo. Walikubaliana kwamba bi harusi ahesabiwe ngazi za kupandia ukuta, kutoka barabarani hadi juu, ambako alisimama akaitazama bahari na kushangiliwa. Bi harusi wa kwanza alihesabiwa ngazi tisa. Baada ya miaka, mawimbi yalipoanza kuruka juu ya ukuta, ukaongezwa kimo, na ngazi zikawa kumi na nne. Kisha ishirini na tatu. Kisha thelathini na moja. Kila idadi ilipopanda, Haiba ilipiga vigelegele, na watu waliambiana kwamba hakuna mji duniani unaostawi kwa kasi namna ile.

Fundi mkuu wa ukuta aliitwa Ikirari. Babu yake alikuwa amejenga kipande cha kwanza, baba yake kipande cha pili, na yeye mwenyewe kipande cha tatu, kilichoishia mpakani mwa Ukomo miaka kumi na miwili iliyopita. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye viganja vigumu na moyo laini, na katika nchi nzima hapakuwa na mkono uliolijua jiwe kuliko wake. Angeweza kuligonga jiwe kwa nyundo, akasikiliza, kisha akakuambia litapasuka upande gani. Wazee walimwamkia yeye kwanza, jambo lililomtia haya mpaka akawa anapita vichochoroni. Kama palikuwa na mtu aliyestahili kuwa na kiburi katika Kujihami ni yeye, na kiburi hakuwa nacho.

Binti yake wa pekee, Hidaya, alichumbiwa na Wafaa, mpika chumvi wa Ukomo. Watu wa Ukomo walikuwa na dhiki kubwa wakati ule. Bahari ilikuwa inawala. Nyumba za mbele zilikuwa zimeanguka moja baada ya nyingine, majiko ya chumvi yamesombwa, na kisima cha mji kimeanza kuonja chumvi kabla haijachemshwa. Walimwomba Sultani awaongezee ukuta, na Sultani Muhtaramu, ambaye jina lake lilimfaa, alikubali bila kusita. Ikirari ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo. Alifurahi mno, kwa kuwa nyumba ya Wafaa ilikuwa sasa ya kwanza kutoka majini, na hakuna baba aliyewahi kumpa binti yake zawadi ya harusi kubwa kama ukuta. Tayari alikuwa amechagua mawe.

Siku ya harusi ilifika, na maji yakajaa. Hidaya alisimama kwenye kizingiti cha nyumba kongwe ya Ukomo, amefungwa kamba ya ukindu, amepambwa akapambika. Ikirari alikuwa na tabasamu ambalo hakuweza kulificha. Binti akaondoka, wanawake wakahesabu: moja, mbili, tatu. Walipofika ishirini na mbili, maji yakamgusa vidole, na sauti zikanyamaza kabla ya vigelegele kuanza. Vigelegele vyenyewe vilikuja vimechelewa, tena kwa nguvu mno, kama vya watu wanaotaka kufunika kitu.

Ikirari alimwona bibi mmoja ambaye hakupiga kigelegele. Huyo alikuwa Bi Kumbukumbu, mkuu wa waimbaji wa Ukomo, mwanamke aliyezeeka akabaki na macho makali. Alimwendea, akamwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hongera kwa mwali wako. Ishirini na mbili ni idadi nyepesi kuibeba, hatachoka nayo."

"Bibi, wewe unaitwa ngapi?"

"Mimi ni Mia na Hamsini," alisema bibi, akajinyoosha kidogo. "Mama yangu alikuwa Mia na Arobaini na Saba. Nyanya yangu Mia na Hamsini na Mbili. Tulikuwa tunafika majini tumechoka, tunataka kubebwa kurudi."

"Basi ishirini na mbili imetoka wapi?"

Bi Kumbukumbu alimtazama akipima kama mtu huyu anauliza kwa sababu anataka kujua au kwa sababu anataka kufarijiwa. Kisha akaanza kuimba kwa sauti ya chini, bila ngoma, majina ya maharusi wa Ukomo kwa mfululizo wa miaka yao. Vizazi vitano vilipita katika wimbo ule na idadi haikutoka katika mia na hamsini ila kwa hatua mbili tatu. Ndipo ukaja mwaka ulipoanza kujengwa ukuta wa Haiba, na idadi ikaanza kushuka: mia na thelathini na tisa, mia na thelathini na moja. Ikaja miaka ya baba yake Ikirari: mia na kumi na nane, tisini na sita. Bibi akafika mahali akasita.

"Endelea, bibi."

"Mwaka ulipoweka jiwe lako la mwisho pale mpakani, aliolewa mjukuu wangu. Alikuwa Themanini na Nane. Miaka mitatu baadaye mdogo wake alikuwa Hamsini na Tano. Leo mwanao. Mimi sisemi neno, baba. Mimi ni mwimbaji tu, na wimbo haukutungwa na mimi."

Ikirari alikaa chini palepale katika nguo zake za harusi. Hakukasirika wala hakubisha. Fundi mzuri akiambiwa kuna ufa hakimbilii kukana. Huenda kuutazama kwanza. Siku ya pili yake, badala ya kuanza kupanga mawe, alikwenda kuutazama.

Alianza kwenye kipande cha babu yake. Marehemu alikuwa amesimulia mara nyingi jinsi walivyochimba kina cha mtu mzima mchangani kabla ya kuweka jiwe la msingi. Maji yalipotoka, Ikirari alishuka chini ya ukuta, akalikuta jiwe hilo la msingi liko wazi, limening'inia, na chini yake pamekuwa na uwazi ambao mtu angeweza kuingia akichuchumaa. Mchanga wote uliokuwa mbele haukuwapo. Ukuta haukusogea hata unywele, na ufuko ulikuwa umeondoka.

Kisha alitwanga vigae vyekundu vya paa mpaka vikawa unga wa chembe kubwa kama mchanga, akajaza makapu matatu. La kwanza alilimwaga mbele ya ukuta. La pili alilimwaga Ukomo, pale ukuta unapoishia. La tatu alilibeba mabegani mpaka Baadaye, mwendo wa siku nzima, akalimwaga kwenye ufuko wao ulioteremka taratibu kuelekea majini. Akakaa kila mahali kutazama maji yakijaa na kutoka.

Mbele ya ukuta, wimbi lilikuja kwa kasi, likapiga jiwe, likarudi na nguvu zake zote, na unga mwekundu ukarudi nalo. Maji yalipotoka hapakuwa na chembe hata moja. Pale Ukomo, wimbi lililokuwa limepita ukutani bila kupata cha kuuma lilipinda kwenye ncha ya mwisho, likachota unga kwa pembeni pamoja na mchanga wa chini yake. Kule Baadaye, wimbi lilipanda ufuko likichoka hatua kwa hatua, likaacha juu kile ambacho halikuweza kukibeba, likarudi polepole. Unga wa vigae ulikuwa umehama kidogo, umetawanyika, lakini ulikuwapo. Na kila bamvua, wimbi refu zaidi lilifika kwenye kilima cha mchanga, likamega kipande, likakiteremsha ufukoni, na ufuko ukapata chakula chake. Ikirari alitazama kilima kile akaelewa kwa mara ya kwanza neno Akiba. Mababu walikuwa wamewaachia vilima hivyo ili bahari ivile kidogo kidogo na kuacha nyumba za watu, na wao wakavifungia nyuma ya ukuta ulio imara kuliko wote duniani.

Aliwauliza wanawake wa Baadaye hatua za maharusi wao. Walicheka, kwa kuwa hakuna mtu wa Haiba aliyewahi kuwauliza chochote. Mia na hamsini, walisema. Wa mwaka huu alikuwa mia na arobaini na saba. Walimpa maji, wakampa muhogo wa kuchoma, wakamuuliza kama ni kweli ukuta unakuja upande wao. Ikirari aliuweka muhogo chini.

Sasa jambo lilikuwa wazi, na uwazi wake ulikuwa mchungu. Akijenga, nyumba ya Hidaya itasimama, ufuko wa Ukomo utakwisha, na bahari itahamia Baadaye. Asipojenga, nyumba ya Hidaya itaanguka kabla ya mwaka kuisha. Alikwenda kwa binti yake kwanza, kabla ya kwenda kwa Sultani, kwa sababu aliona hiyo ndiyo heshima yake. Alimkuta anapepeta chumvi.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba jambo gumu. Nataka mvunje nyumba hii, wewe na mumeo, mkaijenge upya nyuma ya vilima."

Hidaya aliweka ungo chini. "Baba, nyumba hii nimeingia juzi. Hata moshi haujaizoea."

"Najua."

"Na ukuta wetu?"

"Sitaujenga."

Alimweleza yote, kutoka wimbo wa Bi Kumbukumbu mpaka muhogo wa Baadaye. Hidaya alisikiliza bila kumkatiza. Mwishoni machozi yalimtoka, na hayakuwa ya nyumba. Alikuwa amemwona baba yake, mtu ambaye nchi nzima ilimheshimu, akieleza makosa yake kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kueleza namna ya kuchanganya chokaa.

"Watu wa hapa watakuchukia," alisema. "Wanausubiri ukuta kama mvua."

"Wana haki ya kunichukia. Mimi ndiye niliyewafundisha kuutaka."

"Basi mwambie Wafaa mwenyewe. Mimi nikimwambia atafikiri ni mbinu ya kumhamisha karibu na kwetu."

Ikirari alicheka, mara yake ya kwanza tangu harusi. Hidaya alivunja nyumba yake kuanzia siku ile, na Wafaa, aliyekuwa kijana wa maneno machache, alianza na paa.

Habari zilifika Haiba upesi. Waziri Fahari, msimamizi wa ukuta, alizipokea kama tusi la familia. Alikuwa mtu msomi, mnadhifu, aliyempenda Sultani kwa dhati na ukuta kwa dhati zaidi. Alimshitaki Ikirari mbele ya baraza kwa sheria iliyojulikana na kila mtu: anayeukashifu Ukuta wa Himaya, majina yake na ya wazee wake yafutwe katika mawe yote, na yeye asilishike tena jiwe katika nchi ya Kujihami. Kwa Ikirari adhabu hiyo ilimaanisha majina matatu, babu, baba na mwana, juu ya mawe ambayo hakuna aliyewahi kuyahesabu.

Baraza lilikaa asubuhi katika uwanja ulio chini ya ukuta, na watu walijaa mpaka juu ya mapaa. Watu wa Ukomo walikuja pia, wengi wao wakiwa na hasira na mshitakiwa. Sultani Muhtaramu alikaa na mama yake, Bi Heshima, kuliani kwake, kama ilivyokuwa ada. Waziri Fahari alisimama.

"Mtukufu Sultani, mtu huyu alipewa heshima ambayo nchi hii haijampa mwingine. Aliagizwa aokoe mji ambao binti yake anaishi, akakataa. Anasema ukuta unakula ufuko. Bwana wangu, ukuta hauna meno. Bahari ndiyo inayokula, na miaka hii imekasirika kuliko zamani; kila mtu anaona jinsi mawimbi yanavyoruka. Dawa ya hasira ya bahari ni ukuta zaidi, na mwenye kusema vinginevyo ni mwoga au ni haini."

"Fundi Ikirari," alisema Sultani, "jibu."

"Mtukufu Sultani, Waziri amesema kweli kwamba ukuta hauna meno. Lakini bahari ya Daima ni moja. Kama ingekuwa imekasirika, ingekasirika na Baadaye pia. Nimekwenda Baadaye. Huko haina hasira na mtu. Maharusi wa huko wamepungukiwa hatua tatu tu katika miaka sitini, na hizo tatu nazo nahofia ni zetu. Mawimbi yanaruka hapa kwa sababu mchanga uliokuwa ukiyachosha umeondoka. Tunainua ukuta kwa kuwa yanaruka, na yanaruka kwa kuwa tuna ukuta. Naomba baraza liwasikilize wanawake wa Ukomo."

"Nyimbo za harusi!" alisema Waziri. "Tangu lini baraza la Sultani likaamua kwa nyimbo za harusi?"

"Tangu wanaume waliposahau kuhesabu," alijibu Bi Kumbukumbu kutoka katikati ya watu, na uwanja mzima ukacheka, hata mlinzi wa mlango.

Sultani aliruhusu. Wanawake wa Ukomo wakatoka, wakapanga mstari kwa umri, mkongwe mbele na Hidaya mwisho, wakiacha nafasi wazi kwa waliokufa. Hawakuimba. Kila mmoja alitaja idadi yake kwa sauti ya kawaida, na kwa nafasi za waliokufa alitaja Bi Kumbukumbu. Mia na hamsini na mbili. Mia na arobaini na saba. Mia na hamsini. Walipofika mwaka wa ukuta, watu wa Ukomo waliokuja na hasira walianza kutazamana. Walikuwa wamezisikia idadi hizo maisha yao yote, moja moja, katika furaha tofauti, na hawakuwahi kuzisikia zikisimama pamoja. Tisini na sita. Themanini na nane. Hamsini na tano. Hidaya alisema, "Ishirini na mbili," na baada yake hapakuwa na mtu mwingine katika mstari.

Waziri Fahari hakukosa neno. "Na Haiba je? Maharusi wa Haiba idadi yao imepanda kila kizazi! Tisa, kumi na nne, ishirini na tatu, thelathini na moja! Mbona hilo halisemwi?"

Hapo Bi Heshima, mama wa Sultani, ambaye kwa miaka ishirini hakuwa amefungua kinywa barazani, aliinua mkono.

"Hilo nitalisema mimi," alisema. "Mimi ndiye Tisa. Mama yangu alikuwa Mia na Thelathini. Nilipotoka mlangoni siku yangu, nilitafuta pa kukanyaga nikaona mawe, na shangazi zangu wakaniambia, panda, mwanangu, panda, ni vilevile. Nikapanda. Nililia kule juu, na watu wakasema ni furaha. Fahari, mwanangu, wewe umekulia mikononi mwangu, sina kinyongo nawe. Lakini tulizihesabu ngazi kwa sababu hatukutaka kukiri kwamba mchanga umekwisha. Kila ngazi iliyoongezwa ilikuwa habari mbaya, na sisi tuliipigia vigelegele."

Hakuna aliyecheka safari hii.  Waziri Fahari, na kwa hili anastahili sifa, aliinama mbele ya Bi Heshima akakaa chini. Alikuwa mtu wa kiburi lakini hakuwa mtu wa uongo.

Sultani Muhtaramu aliteremka kwenye kiti chake. "Sheria iliyotungwa kulinda jiwe isiposikia watu, ni jiwe nayo," alisema. "Naifuta leo. Nyumba za Haiba zimeegemea ukuta. Tukiubomoa watu watakufa, kwa hiyo hapa tutaishi na kosa letu na tutalitunza kama mgonjwa. Lakini ukuta hautaongezwa kwenda Ukomo, wala hautafika Baadaye maadamu ninaishi. Na nyumba za Ukomo zitahamishwa nyuma ya vilima kwa mikono ya mji wote, nami nikiwamo. Ikirari, jina lako libaki ukutani, pamoja na majina ya wazee wako. Omba chochote."

Watu walidhani ataomba msamaha, au pumziko. Ikirari aliinama.

"Mtukufu Sultani, kipande cha mwisho, kinachogusa Ukomo, hakina nyumba nyuma yake. Kina vilima tu. Naomba ruhusa nikibomoe. Ni changu, nilikijenga kwa miaka tisa, na sipendi mtu mwingine akiguse."

Sultani, machozi yakimlengalenga, akaikubali haja yake.

Kulipopambazuka siku ya tatu, watu wa Haiba na wa Ukomo walikuwa ufukoni, wengine wamebeba boriti na milango kuelekea nyuma ya vilima, wengine wamesimama kutazama. Ikirari alichagua jiwe la juu kabisa, la mwisho kuwekwa, lenye jina lake. Alitia ncha ya mtaimbo katika kiungo. Haikuingia. Akajaribu kiungo kingine, nacho kilikuwa hivyohivyo. Mafundi wake wakaja kumsaidia, wakapiga nyundo mpaka jasho likawatiririka, na jiwe likakaa mahali pake kana kwamba limeota pale. Jua lilipanda. Mtaimbo wa kwanza ukapinda. Watu wakaanza kunong'ona, na Waziri Fahari mwenyewe akavua joho, akakunja mikono ya kanzu, akaja kushika upande wa pili bila kuambiwa.

Karibu na adhuhuri jiwe lilitikisika, likalia, likatoka, na nyuma yake mchanga mkavu ukaanza kumiminika kupitia uwazi ule, mweupe, mwingi, kama mtama unaotoka katika gunia lililotoboka, ukateremka uso wa ukuta mpaka chini ambako bahari ilikuwa inangoja. Wanawake wa Ukomo walipiga vigelegele, na safari hii havikuchelewa.

Hidaya alikuwa anapita na fremu ya mlango wake kichwani. Alisimama akaliangalia jiwe lile moja lililolala mchangani, kisha akauangalia ukuta uliobaki, unaong'aa kutoka ncha moja hadi nyingine.

"Baba," alisema, "ulijenga vizuri mno."

Ikirari alijipangusa uso kwa kiganja. Alipitisha mkono wake juu ya jiwe la pili, taratibu, akitafuta kiungo.

"Nilijenga vizuri sana, mwanangu," alisema. "Nipe mtaimbo ule mrefu."